Chuma Kilichomjaa Babu Yako

Zaitun mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Mbuya hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Umeuliza kwa nini babu yako hanywi vidonge vya chuma ulivyomtumia kutoka Nairobi, na hali damu yake iko chini.

Hata mimi nilikuwa nampa, pamoja na maini kila siku, mpaka daktari aliponikataza. "Mama, saratani yake inazuia mwili kutengeneza damu, ndiyo maana tunamwongezea. Lakini kila mfuko wa damu unakuja na chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa. Sasa kimejaa kwenye ini."

Akaanzishiwa dawa ya kukitoa kupitia mkojo. Kesho yake asubuhi akaniita kutoka chooni kwa sauti kubwa. Nilikimbia nikidhani ameanguka.

"Halima, njoo uone! Nakojoa kutu!"

Mkojo ulikuwa mwekundu kama maji ya mvua kwenye udongo wetu. Tulisimama pale, wazee wawili, tukitazama chuma kikimtoka, chuma cha damu ya watu tusiowajua, watu waliomweka hai. Babu yako akasema polepole, "Subhanallah," na mimi nikashindwa hata kumwaga maji kuuondoa.

Bibi yako,
Halima