Mrushaji wa Pili

Chuo cha Harlan, Kansas
Jumapili, 19 Agosti 1979

Kwako Dada Noreen,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto hili. Hujambo? Na Mama, mgongo unamruhusu kulala? Mimi ni mzima, ila vidole vimevimba na ngozi ya pua imebanduka yote.

Habari kubwa ni kwamba tumebaki wawili. Wale warushaji wengine wa futiboli kocha amewahamishia nafasi nyingine, sasa ni mimi na Duane Vopat, na kwa bahati yangu nzuri au mbaya ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Kocha mpya, Stegman, ametupa kule mchezo wetu wa zamani wa kubeba mpira na kusukumana kama ng'ombe mlangoni. Sasa ni kurusha tu. Watano wanatimka mbele, watano wanabaki kumkinga mrushaji, naye anasimama nyuma peke yake akisubiri mmoja awe wazi. Kila pasi inayoshikwa inaandikwa ubaoni kwa chaki. Jana mimi sitini na moja katika mia, Duane hamsini na nane.

Duane hakubali. "Wewe mkulima," ananiambia, "unarusha kama mtu anayewamwagia kuku mahindi. Wanakuhurumia tu wanaodaka." Ananichekesha mpaka nasahau kwamba tunagombania kitu kimoja.

Mpaka sasa tunavaa fulana nyekundu, maana yake mrushaji haguswi mazoezini. Jumamosi kocha anatuvua. Tutacheza wenyewe kwa wenyewe, na wakabaji wameruhusiwa kutupiga kama siku ya mechi. Baada ya hapo atachagua.

Msalimie Mama. Mwambie mikate ile ya kabichi na nyama iliisha kabla sijafungua begi vizuri.

Mdogo wako,
Lyle


Nyumbani
Alhamisi, 23 Agosti 1979

Mdogo wangu Lyle,

Barua imefika, tumefurahi. Sisi wazima. Mama analala akiwa ameketi, lakini analala. Hospitali imejaa, wodi yangu ina wagonjwa kumi na wanne na wauguzi wawili, kwa hiyo nikikosea maneno ujue naandika nimesimama.

Kumbuka mimi ndiye niliyekufundisha kurusha, nyuma ya ghala la mtama, wakati mikono yako haijaweza hata kuuzunguka mpira. Ukishindwa na huyo Vopat nitakuwa nimeshindwa mimi, na mimi sipendi kushindwa.

Lakini nikuulize kitu. Umeandika ukurasa mzima kuhusu ubao na chaki na fulana. Hujasema hata mahali pamoja kama unaitaka hiyo nafasi.

Andika ukishatoka Jumamosi. Usinisubirishe.

Dada yako,
Noreen


Chuo cha Harlan
Jumatatu, 3 Septemba 1979

Dada Noreen,

Hamjambo nyote? Nisamehe kwa ukimya. Mimi ni mzima.

Nafasi ameipata Duane. Juzi tulicheza mechi ya kwanza, tukashinda, mimi nikiwa nimesimama pembeni na karatasi za kocha mkononi. Usinihurumie. Kuna jambo jingine, na nakuomba ulisome kama muuguzi.

Siku ile ya kuvuliwa fulana, Duane ndiye aliyeanza. Mara ya tatu tu, jamaa mmoja mkubwa anaitwa Hruska alipita katikati ya wakingaji akambeba mzimamzima, akamwangusha chini kwa kisogo. Nilisikia mlio nikiwa pembeni, kama tikiti limedondoka kwenye saruji. Akainuka. Kisha akatembea mpaka kwa wakabaji, akasimama katikati yao akisubiri kuambiwa mpango. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Naye akacheka, akarudi upande wetu, akarusha pasi tisa mfululizo bila kukosa hata moja. Zamu yangu ilipofika niliuachia mpira mapema kila mara. Kocha hakuhitaji ubao tena.

Tangu hapo chumbani kwetu mapazia hayafunguliwi. Duane anasema mwanga unamchoma. Anatapika asubuhi, anasema ni mayai ya bwaloni. Ananiuliza leo ni siku gani, namjibu, baada ya dakika tano anauliza tena. Mipango ya mchezo imemtoka kichwani, Dada. Mipango yote, na juma moja kabla alikuwa anaijua kuliko kocha mwenyewe. Kila siku baada ya chakula cha mchana namnong'oneza mmoja mmoja naye anaandika kwenye plasta anayojifunga mkononi.

Nilimwambia aende kwa daktari wa timu. Akanishika shati. "Ni kichwa tu, Lyle. Kila mtu ana kichwa." Nikadhani anatania, kumbe macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Ukifungua mdomo, watajua wote umefungua kwa nini."

Nifanye nini?

Mdogo wako,
Lyle


Nyumbani
Alhamisi, 6 Septemba 1979

Lyle,

Sisi wazima. Salamu nyingine baadaye.

Mwambie daktari wa timu leo, saa hii hii ukimaliza kusoma. Kama hayupo mwambie kocha, kama kocha hasikii piga simu kwao Duane.

Huyo kijana huenda anavuja damu ndani ya fuvu. Inavuja polepole, na mtu anatembea, anakula, anarusha mpira. Masika yaliyopita tuliletewa mvulana wa mieleka aliyeanguka hivyo hivyo. Alikaa majuma mawili akilalamika kichwa. Akapigwa mara ya pili, pigo dogo ambalo hata mama yake hakuliona akiwa amekaa safu ya mbele. Mimi ndiye niliyemfunika shuka usoni, Lyle. Sitaki kukueleza zaidi.

Mtazame macho. Kama kiini kimoja cha jicho ni kikubwa kuliko kingine, usimuulize anataka nini. Ita gari la wagonjwa.

Watu waseme watakavyo. Wewe unajua hufanyi hivyo kwa ajili ya nafasi.

Niandikie haraka.

Dada yako,
Noreen


Nyumbani
Jumapili, 16 Septemba 1979

Mdogo wangu,

U mzima? Naanza kuuliza kwa hofu, maana siku kumi zimepita bila neno.

Nilipiga simu bwenini mara tatu. Mara ya tatu kijana mmoja alipokea, nikamsikia akiita, "Brungardt! Dada yako!" Kisha nikasikia hatua zikija, zikasimama. Nikasikia mtu anapumua. Simu ikakatwa. Lyle, nimelala chumba kimoja nawe miaka tisa, pumzi yako naijua.

Jana redio ilisema Duane Vopat amerusha pasi tatu zilizofunga. Mtangazaji akacheka, akasema kijana huyo anapenda vituko, baada ya pasi ya tatu alikimbilia benchi la wageni. Mama naye akacheka. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka mechi ikaisha.

Hujamwambia mtu. Nataka kujua kwa nini. Nilidhani ni aibu, unaogopa kuitwa mwizi wa nafasi. Lakini wewe hujawahi kujali sana watu wanasema nini. Kuna kitu hujaniandikia.

Mama anakusalimu. Sijamwambia chochote.

Dada yako anayekusubiri,
Noreen


Chuo cha Harlan
Jumatano, 19 Septemba 1979

Dada,

Nakusalimu. Sikuulizi hali kwa sababu najua mimi ndiye niliyeiharibu. Ni kweli, ile ilikuwa pumzi yangu.

Si aibu. Ni woga.

Uliuliza kama naitaka nafasi. Siitaki. Niliitaka ubaoni, mpaka siku niliyovuliwa fulana. Tangu nilipovunjika mfupa wa bega shuleni, nikisimama kule nyuma nasikia miguu ya wakabaji kabla haijafika. Macho yanapaswa kutafuta mtu aliye wazi, mimi yangu yanatafuta nani anakuja. Duane alipochaguliwa, wenzangu walinipigapiga mgongoni kunifariji, na mimi tumboni nilikuwa najisikia kama mtu aliyetolewa jela.

Duane akitoka, naingia mimi. Hakuna wa tatu. Na Jumamosi hii wanakuja Chuo cha Pruett, wana mkabaji anaitwa Gant ambaye mwezi huu tayari amewatoa warushaji wawili kwa machela. Kila asubuhi naamka nikisema leo nitasema. Kisha nakumbuka Gant.

Namfichia mwenzangu ugonjwa ili asimame yeye mahali ninapoogopa kusimama mimi. Nimeiandika sasa. Ilikuwa rahisi zaidi isipoandikwa.

Leo bwaloni alitia chumvi kwenye kahawa, akainywa yote bila kukunja uso. Kisha akaniita Roy. Sisi hatuna Roy, wala timu haina. Jicho la kushoto, Dada. Ni kubwa kuliko la kulia. Nimelitazama, halafu nikaondoa sahani yangu nikaenda darasani.

Lyle


Nyumbani
Jumamosi, 22 Septemba 1979

Lyle,

Barua yako imefika saa nne asubuhi hii. Nimepiga simu bwenini, inalia tu. Nimepiga ofisi ya kocha, inalia tu. Wote mko uwanjani. Kwa gari ni mwendo wa saa tano, na mechi inaanza saa saba na nusu. Nimempigia polisi wa mji wenu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama mimi ni shabiki wa Pruett.

Kwa hiyo naandika, ingawa najua utaisoma kila kitu kikiwa kimeshakwisha. Sina kingine cha kufanya na mikono yangu.

Mama amewasha redio. Bendi inapiga. Wanataja majina ya wakingaji wa mstari wa mbele. Mama anasema kaa chini, Noreen, unanizungusha kichwa.

Wanasema kuna mabadiliko.

Wamesema jina lako, Lyle. Wamelisema vibaya, lakini ni lako. Mama anapiga makofi, anasema mwanangu, mwanangu. Nami sijui kama umesema au kama Duane amekufa. Mtangazaji hasemi. Anasema tu upepo unatoka kusini.

Umeangushwa. Umeinuka.

Umeangushwa tena. Mama ameacha kupiga makofi.

Siwezi kuandika zaidi.

Noreen


Chuo cha Harlan
Jumapili, 30 Septemba 1979

Dada yangu Noreen,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Kwenye simu nilikuambia tu kwamba Duane yu hai, kwa kuwa foleni ya simu ilikuwa ndefu na watu walikuwa wananisikiliza. Sasa nikueleze yote.

Nilisema katika chumba cha kuvalia, saa moja kabla ya mechi. Sikuchagua wakati huo. Duane alikuwa anashindwa kufunga kamba za viatu, na Hruska akachuchumaa kumfungia, akimtania kama mtoto. Nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Kocha, Duane anaumwa kichwani. Asicheze."

Kocha Stegman hakuinua hata macho. "Brungardt, unaitaka nafasi kiasi hicho?"

Duane akacheka. "Si mnamwona? Ameshindwa kwa mkono, sasa anajaribu kwa mdomo."

Mtu akanirushia kiatu, kikanipata shavuni. Wakaanza kuniita majina ambayo siwezi kuyaandika. Ndipo nikapiga kelele, "Siitaki! Mpe mtu yeyote! Naogopa kusimama pale. Nimejua siku zote hizi na nimenyamaza kwa sababu naogopa!"

Aliyeshika kiatu cha pili akakishusha. Nadhani kama ningesema kitu kingine chochote wasingeniamini. Lakini hakuna anayesema uongo wa namna ile mbele ya wanaume arobaini waliovaa helmeti.

Kocha akamgeukia Duane. "Nitajie miezi, anzia Desemba urudi nyuma."

"Desemba," Duane akasema. "Novemba." Akatazama taa za dari. "Novemba." Kisha akanitazama mimi, akatabasamu kidogo, akisubiri nimnong'oneze. Wiki zote hizo alikuwa amezoea kwamba namnong'oneza.

Nilinyamaza. Nikaona uso wake unabadilika, wa kila mmoja unabadilika.

Walimpasua kichwa katika hospitali ya Wichita jioni ile ile. Daktari alisema pigo moja tu lingetosha. Anaongea, ila maneno yanachelewa, na mkono wa kulia haushiki kijiko. Hatacheza tena.

Mimi nilicheza. Usidhani nilipata ujasiri. Gant aliniangusha mara saba na nilifumba macho mara zote saba. Tulifungwa thelathini na moja kwa kumi. Wenzangu hawaniiti mwoga. Afadhali wangeniita. Kocha amesema Jumamosi ijayo ni mimi tena, nami nimesema ndiyo.

Alhamisi baba yake Duane alikuja chumbani kuchukua vitu vyake. Mzee mfupi, kofia mkononi, anafanya kazi reli. Alinipa mkono, akanishukuru. Alisema, "Wameniambia wewe ndiye uliyesema." Akaanza kukunja mashati ya Duane mojamoja, mikono ikielekea ndani, vizuri kuliko Mama anavyokunja. Mimi nilisimama pale nikiomba Mungu asiniulize.

Akauliza. Hakugeuka. "Ulijua tangu lini, kijana?"

Nikamwambia, "Tangu Agosti."

Akaendelea kukunja. Yalikuwa yamebaki mashati manne. Akayamaliza yote, akafunga begi, akaniomba nimshikie mlango.

Mdogo wako,
Lyle