Kadi Niliyoizima Mwenyewe

Likasi, Ijumaa jioni

Ningesema neno moja tu leo, mambo yangeisha.

Kompyuta ya mkononi ya yaya Patrick, kaka yangu, ile ya michezo, ilikuwa haioni tena kadi yake kubwa ya picha, ile inayoendesha michezo. Jana fundi Papa Kalenga aliifungua kutoa vumbi kwenye feni, basi leo yaya akaenda kumkaripia kibandani kwake mbele ya wateja, nami nyuma yake.

« Papa, weye uliiba kadi yangu! »

« Mutoto, minye niko muzee, niibe ya nini? » Akaifungua tena, akatuonyesha. « Angalia, imeshikana na ubao. Haitoke. »

« Basi uliiunguza! »

Hapo ndipo nilipokumbuka. Juzi umeme ulipokatika, nilikuwa naandika kwa kompyuta hiyo barua yangu ya kuomba chuo. Ili betri idumu, nilizima ile kadi kwenye mipangilio. Nikasahau kuiwasha.

Papa Kalenga akanigeukia. « Na weye, mama, unaona minye niko mwizi? »

Nikatazama skrubu zake.

Nyumbani niliiwasha kwa siri. Kadi ikaonekana. Yaya akaruka: « Unaona? Nilimukaripia, ikapona! »

Nikacheka naye. Kicheko hicho ndicho kinachonichoma zaidi.

Naogopa yaya hataniazima kompyuta tena. Lakini wateja wawili waliondoka na simu zao bila kumwachia fundi. Kesho asubuhi nitamwambia yaya, kisha tutarudi kule, na nitasema ukweli mimi mwenyewe, mbele ya wateja, kwa sauti ya kusikika.