Kisu Ulichomtumia Baba

Bhojpur, mwezi wa Asoj

Mdogo wangu Kesar,

Pokea salamu za huku milimani. Natumai u mzima na viatu vinang'aa, maana kila atokaye Kathmandu anatuambia siku hizi unang'aa kweli kweli. Sisi hatujambo. Baba ugali wake wa mtama anaumaliza, ila macho yamebaki ya kutofautisha mchana na usiku tu. Mkeo Sunmaya naye hajambo, ingawa hukuuliza.

Kisu chako kimefika. Lo, makubwa! Ala ya mahameli nyekundu, jina lako limetariziwa utadhani bwana harusi. Mjumbe wako alitutangazia mlangoni kwamba mwaka huu hutaki maneno: atakayempendeza baba kwa kisu chake kabla ya sikukuu ya Dashain ndiye mrithi wa kiwanda chetu cha uhunzi, kama ilivyokuwa tangu babu, na wewe ukishinda utakiuza kiwe ghala la bia. Ghala la bia, Kesar! Hata haya huna.

Majirani walijaa uani. Wakaja hata wale wakubwa wa tabaka la juu, ambao maji yetu hawanywi, lakini kisu kilichopozwa kwa maji hayo hayo hakiwatoki kiunoni. Visu vilikuwa viwili. Nilivivua ala na kuifunga mipini kwa matambara, baba asitambue kwa kupapasa.

Akaanza na chako. Alipopitisha tupa kwenye makali, badala ya kuteleza ikauma, ikakikwangua kama figili. Akakikandamiza juu ya ule mchi wa shaba wa kupimia makali, makali yakalala upande na yasiinuke tena. Baba akatema mate. Akasema chuma kilikuwa kizuri, ila mpumbavu fulani amekisugua kwenye mashine kiking'ae mpaka joto limekiua. Akauliza ni nani huyo, maana hakulelewa na mhunzi, amelelewa na muuza masufuria. Watu walicheka wakashika mbavu. Nami nilicheka, sikufichi. Ulitaka kung'aa, umeng'aa.

Cha pili tupa iliteleza. Juu ya shaba makali yaliinama kidogo yakarudi mahali pake. Baba akakipiga kwenye pembe kavu ya nyati mara kadhaa, akapapasa kwa kidole gumba, hakuna palipomeguka. Makali magumu, mgongo laini, maji yamemiminwa kwa birika pale panapotakiwa tu. Akakikumbatia kifuani akilia, akasema huyu ndiye Kesar wake, mkono haujampotea.

Nikamwambia hicho ni cha Sunmaya.

Ndiyo, Sunmaya, yule uliyemwacha kwenye mivukuto akipuliza moto, uliyesema mwanamke akimimina maji chuma kinaingia nuksi. Tangu uondoke alikuwa akijifunza, akiharibu vyuma vya springi za lori na kuvirudisha motoni, hakuna aliyemwita fundi. Tilbir, jirani yetu, akadakia kwamba tangu lini mwanamke akawa mhunzi. Wifi yangu akamjibu, basi shemeji, leta kidole tupime. Tilbir akakumbuka ghafla kwamba mbuzi wake hawajanyweshwa.

Baba alikipapasa tena kile kisu. Kisha akamwita Sunmaya, akampa birika mbele ya watu wote, akasema kiwanda ni chake na asiyetaka aende kununua visu mjini. Basi ghala lako la bia litafute kwingine.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike kwa hasira hivi. Watu walipotawanyika, baba alinishika mkono akaniuliza kile cha kwanza kilikuwa cha nani. Nilimwambia. Aliomba msamaha, Kesar, kwa yale ya muuza masufuria, akiniomba mimi, kana kwamba ni mimi niliyetukanwa. Halafu akanisihi nikuandikie kwamba wewe ndiye uliyeshinda, kwa sababu anaamini ukijua umeshindwa hutakuja Dashain, naye hana uhakika na Dashain nyingine.

Nimejaribu kuandika hivyo, nimeshindwa. Umeshindwa, mdogo wangu, na vibaya. Njoo hivyo hivyo.

Sunmaya anakusalimu, amesema niandike salamu tu, nisiongeze neno. Watoto wangu wanakuamkia.

Ni mimi dada yako,
Jitmaya