Maji ya Kijivu

Jumanne, baada ya Isha

Sungura bado hajanya. Nimemulika banda lote kwa tochi ya simu nikitafuta hata kipunje kimoja cha mavi, hakuna. Tumbo limejaa gesi, limekaza.

Mama mkwe alituambia sungura hanywi maji, majani yanamtosha. Kwao Kasokola wanalisha majani mabichi, sawa. Sisi kiangazi hiki chote tumempa Kijivu pumba kavu, na hakuna aliyemwekea hata kikombe cha maji. Leo bwana mifugo kaniuliza kwenye simu, "Sasa maji anapata wapi, mama?"

Kasema nimnyweshe kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, huku namsugua tumbo. Nafanya hivyo toka mchana. Yote yanamtoka pembeni ya mdomo, yananilowesha kanga.

Halafu Baba Shamsa. Kafunga duka, kaingia, hata viatu hajavua: "Mchinje sasa hivi. Akifa mwenyewe ni kibudu, tutamtupa."

Nikamwambia huyu ni sungura wa Shamsa. Mtoto yuko bweni, akirudi nimwambie tumemla? Kaingia jikoni.

Sasa hivi Kijivu anasaga meno. Bwana mifugo alinionya kwamba akianza kusaga meno ni maumivu hayo. Yaani mimi hata sijui namsaidia au...

Nimeenda jikoni kuongeza maji, nikakuta kisu kimenolewa, kimewekwa juu ya mfuniko wa ndoo.

Sikukificha. Nimekisogeza tu kando, nikachota.