Haya Mbele ya Mtoto wa Watu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Zamzam, adabu umeiacha wapi? Binti wa kumzaa mwenyewe, nimekulea kwa stara, leo waniambia nikae mbele ya mgeni nywele hazikuchanwa na dera la jana mwilini? Ati mama wa kaunti akija Alhamisi anikute vile nilivyo. Ati nisinyanyuke. Ati nyumba isifagiliwe sana. Mimi! Nimetandika vitanda vya hoteli hapa hapa Marekani, kule Bloomington, mpaka wageni wakawa wanauliza ni nani huyu anayekunja shuka hivi. Halafu kwangu kuonekane banda la kuku?

Nimemwambia yote hayo usoni. Kaguna tu. "Mama, hawa hawatoi zawadi ya usafi." Mdomo huo ni wa babake.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwaka kaunti hunipima upya waone kama bado ni mlemavu. Kana kwamba mkono uliokufa ukipewa mwaka hufufuka. Tangu kiharusi kinipige, upande wa kushoto ni mzigo nauburuta tu. Zamzam aliacha kazi, kaunti ikawa inamlipa yeye masaa ya kuniangalia. Wakisema nina nafuu, masaa yatakatwa, atarudi hotelini, nami nitabaki na ukuta. Au nipelekwe nyumba ya wazee. Khadijah wa Oakdale alimpeleka mamake huko. Siku moja akamkuta kichwa wazi, nywele zote nje, mwanamume anamlisha uji. Mama yule hata mkwewe hakupata kumwona unywele mmoja.

Jumatano, 5 Februari

Baridi ya kupasua mawe. Zamzam kaniosha asubuhi. Hatusemi kitu wakati huo. Yeye hutazama ukuta, mimi hutazama mfereji. Ndivyo tulivyokubaliana bila kukubaliana. Mambo ya bafuni hayaandikwi, hata hapa.

Nimemwambia akande unga wa mahamri ya kesho. Kakataa. "Mama, si harusi." Nikamwambia mgeni haingii kwangu akatoka mdomo mkavu, hata awe katumwa na shetani. Basi akakanda. Alivyokuwa akiupiga ule unga, nilijua ni mimi ninayepigwa.

Alhamisi, 6 Februari

Wameshakwenda.

Nilitarajia nyoka, kaja mama mpole wa Kizungu, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampenda. Kosa la kwanza hilo. Nyuma yake mkalimani — mwanamume. Hussni, kijana wa Kimombasa, husali msikiti wetu. Mwaka jana walipiga simu tu, Zamzam akajibu yote. Hakuna aliyetuambia safari hii tutaletewa mwanamume sebuleni. Kaingia, kainama, kaubusu mkono wangu. "Shikamoo, mamangu." Marahaba, mwanangu. Basi, papo hapo nikawa mamake.

Mama wa kaunti akauliza hali. Njema, alhamdulillahi. Ningesemaje? Kwetu hata anayekata roho husema njema kwanza, mengine baadaye. Hussni akatafsiri. Mama akaandika kwenye kompyuta yake.

Nilikuwa nimevaa dera jipya, udi umefukizwa. Nikaikumbatia chupa ya chai kwa mkono mzima. Zamzam akanyanyuka kunisaidia, nikamkata jicho, akaketi. Nikawamiminia wote wawili, sikumwaga hata tone. Nilijivuna. Mama akautazama mkono wangu, akaandika tena.

Kisha yakaja yale maswali. Hussni macho yako zuliani, jasho limemtoka puani. "Mamangu, uniwie radhi, si mimi, ni yeye anauliza. Kuoga, unaoga mwenyewe?"

Naoga.

"Na... chooni, mamangu?"

Naenda.

"Hakuna wakati labda hufiki?"

Nafika.

Zamzam akasema, "Mama, si umwambie—" Nikamwambia nyamaza. Mbele ya mtoto wa watu? Kanyamaza. Mwanamke mzima, ana watoto wake, kanyamaza kwa kuwa mimi nimesema. Malezi yangu hayo.

Mama wa kaunti alikula mahamri, akasifu, akaongeza. Mgeni njoo mwenyeji apone. Na kweli mwenyeji kapona — mpaka kwenye kompyuta kapona.

Walipotoka Zamzam alisimama na vikombe mkononi.

"Umejichinja, mama."

Ulitaka nimwambie nini yule kijana?

"Ukweli."

Ukweli una mahali pake.

"Mahali pake palikuwa hapo ulipokaa."

Ijumaa, 7 Februari

 Kaniosha. Maji yalikuwa moto kupita kiasi. Sikuuliza kama ni makusudi.

Jumanne, 11 Februari

Simu ikilia nadhani ni kaunti. Ni matangazo. Ni kliniki ya meno. Ni Khadijah.

Khadijah akataka kujua ilikuwaje. Nikamweleza kidogo. "Kwani hamkuomba mkalimani mwanamke? Huombwa. Mimi nilimwombea mama." Nikamwambia ungesema. "Ungeuliza, bi mkubwa. Wewe huulizi mtu, waona haya kuuliza hata njia." Kisha akataka kujua kama kweli nilimimina chai. Nikasema ndiyo. "Si ungewachezea na chakacha kabisa, wakuandike mchezaji?"

Nikamkatia simu. Kisha nikacheka. Kisha nikakasirika kwa nini nimecheka.

Jumatano, 19 Februari

Kaunti wamepiga. Zamzam kaiweka simu mezani tusikie sote, halafu akanieleza. Masaa yamekatwa zaidi ya nusu, kuanzia Jumamosi, tarehe mosi Machi. Mteja anaoga mwenyewe. Anakwenda chooni mwenyewe. Anaandaa vinywaji na kuhudumia wageni. Hivyo hivyo, kahudumia wageni. Nimehukumiwa kwa chai yangu mwenyewe.

Zamzam anasema tunaweza kupinga kabla tarehe haijafika. Watanihoji tena. Nikamwambia waache, sikuja duniani kubembeleza mtu.  Kachukua simu, kaingia chumbani, nikamsikia akizungumza na meneja wake wa zamani. Sauti ile ya kuomba. Binti yangu anaomba, na mimi nimesema sibembelezi.

Ijumaa, 21 Februari

Zamzam alikwenda Bloomington kuonana na meneja. Asubuhi tu, alisema. Kaniacha kitini, maji karibu, simu karibu.

Haja haikungoja. Nikanyanyuka. Mguu wa kushoto ukabaki nyuma. Nilianguka ukumbini kabla ya mlango wa choo, na yale niliyomwambia Hussni kwamba hayanipati yakanipata, hapo hapo, juu ya zulia. Simu iko mezani. Nikapiga ukuta kwa ngumi mpaka jirani akamwita Timothy, fundi wa jengo hili. Ana funguo za nyumba zote. Kafungua.

Mwanamume. Mgeni kabisa, hata salamu hatujawahi kupeana. Kaniona kichwa wazi, nguo imelowa, harufu. Kageuza uso upande, kavua jaketi lake, kanifunika, kakaa sakafuni kanipa mgongo mpaka Zamzam akarudi.  Ningejua Kiingereza cha kutosha ningemtukana kwa wema wake.

Haya niliyomfichia mtoto wa Kimombasa nimekuja kumwanikia Timothy. Nimelinda nini basi?

Zamzam kaniosha. Leo hakutazama ukuta. Kanitazama mimi. Nikamwambia toa macho yako huko. Hakuyatoa.

Jumatatu, 24 Februari

Niko mezani. Simu inapiga muziki wa kijinga, tunangoja kaunti tupinge. Kabla ya muziki walisema mkalimani mwanamke hapatikani leo, aliyepo ni mwanamume, labda wiki ijayo. Zamzam kaniangalia. "Tungoje, mama?" Wiki ijayo masaa yameshakwenda. Wiki ijayo yeye anakunja shuka za watu na mimi nimelala ukumbini.

Nimemwambia tusingoje.

Naandika hapa nisije nikayameza tena. Sijioshi, binti yangu ndiye huniosha. Sivai nguo mwenyewe. Chooni sifiki. Nalala na nepi kama kitoto. Chai ile niliimimina kwa kiburi, na mkono ukaniuma hadi Jumamosi. Nishaandika. Dari haikuanguka.

Muziki umekatika. Kuna sauti ya kiume. "Shikamoo, bibi." Hata huyu kashanifanya bibi yake.

Zamzam, acha vyombo. Funga huo mlango, vuta kiti uketi hapa ubavuni kwangu, uisogeze simu karibu na mdomo wangu. Na nikianza kusema njema, nikanyage mguu — wa kulia, ndio unaosikia.