Mluzi Nyuma ya Michongoma

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Natumaini dawa ya kuchua imelitia adabu. Huku sote wazima, ila mimi nimejitia kitanzi kwa mkono wangu mwenyewe, na sina wa kumwambia ila wewe.

Unamjua shemeji yako fundi saa kwa usingizi mzito. Basi tangu mvua zianze, kila alfajiri akawa ananyata kama mwizi, anasimama uani na kupiga mluzi mfupi. Na kutoka kwenye michongoma, upande wa jirani yetu mshonaji, yule mjane, mluzi uleule unamrudia. Nilipomuuliza, akasema anaongea na ndege. Nikasema moyoni, ndege huyo ana cherehani.

Nikakagua kola, nikanusa leso. Mshonaji akinisalimu, namwitikia kwa pua. Jumanne, mume wangu alipokwenda dukani kwake, nilishika panga nikafyeka michongoma yote, ili niwaone vizuri wakipigiana miluzi.

Jioni aliokota kiota chenye mayai mawili yaliyopasuka. Alikipakata, akanieleza polepole. Alisema aliyekuwa akimjibu ni ndege kurumbiza dume, hodari wa kuiga sauti, na kwamba majira ya kutaga madume huimba alfajiri, wakati bado ni giza mno kutafuta chakula na hewa imetulia, sauti ifike mbali. Humjulisha jike kuwa wameamka na nguvu zao, na huwaonya madume wengine wasisogee. Akacheka kidogo, akasema kurumbiza alimdhania yeye ni mnyang'anyi wa mke wake, ndiyo maana hakuacha mluzi hata mmoja bila kuujibu. Kumbe tulikuwa wawili tuliomshuku, ila mwenzangu ndege alimwambia waziwazi.

Dada, aibu yangu ni hii. Aliponiuliza nani kafyeka, nilisema ni mshonaji. Sasa mume wangu hamsalimu tena, na mama wa watu hajui kosa lake. Tena jana kaniletea gauni langu aliloliona kambani limechanwa na miiba. Kalishona vizuri, wala hakuuliza neno.

Leo alfajiri mume wangu alipiga mluzi mara tatu. Kimya. Akarudi kuniuliza kama nimesikia chochote, nami nikajifanya nimelala.

Kesho nitaamka kabla yake, nimsubiri palepale uani, nimwambie. Wasalimie watoto, na ukiweza nitandikie kile kitanda cha pembeni, maana huenda nikaja na sanduku.

Mdogo wako,
yule uliyempachika jina la Macho Kodo