Nafasi ya Mke Mmoja

Kikwajuni, Jumatano

Baba, shikamoo.

Mtihani wa biolojia nimepata themanini na nane. Bomba la uani limeshatengenezwa.

Jana nilimpeleka Mama hospitali kwa ule uvimbe wa titini. Kadi ya bima uliyompa ni ya Bi Rukaiya, mke wako mdogo, na Mama alifanya kama ulivyomfundisha. Muuguzi alipoita "Rukaiya!" aliitika, "Naam." Jirani yetu mmoja alikuwa amekaa pale, akacheka: "Bi Shemsa, tangu lini umekuwa mke mwenzio?"

Kisha wakataka alama ya kidole, na mashine ikamkataa. Tukarudishwa bila kupimwa.

Karani alitufungulia fomu uliyojaza kazini kwako huko Dar. Ina nafasi ya mke mmoja na watoto wanne. Mama aliitazama, akasema, "Basi nafasi haikutosha." Ni miaka kumi na tisa tangu umuoe.

Mimi jina langu limo, la mwisho kabisa. Naweza kutibiwa siku yoyote nitakayo, na siumwi popote.

Mwanao,
Thuwaiba